Mafiga ya Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Midomo?

Imefungwa!

Masikio?

Yamefunguka!

Hapo zamani za kale, pimbi walipokuwa bado wanapika, palikuwa na pimbi aitwaye Tunu. Tunu akajifungua mtoto wa kwanza. Desturi yao ilikuwa hivi: mzazi hatoki pangoni hadi arobaini, na kila bibi wa mtoto huja na figa lake. Tunu akaongeza la tatu, chungu kikakaa.

Bi Mashavu, mama yake Tunu, alikuwa bingwa wa kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Bi Kazija, mama mkwe, uji wake wa pilipili manga ulileta maziwa tele. Bahati iliyoje! Lakini wapi. Walioneana kijicho, wazee wazima na mvi zao!

Siku ya kwanza Bi Kazija akabandika uji. Majirani wakausifu, Bi Mashavu akanuna.

"Nipe figa langu!" Akalichomoa. Chungu pwaa!

Siku ya pili Bi Mashavu akachemsha maji. Bi Kazija akaja mbio.

"Na mimi nataka langu!" Pwaa!

Siku ya tatu uji tena, figa likachomolewa tena. Pwaa! Mwajua nani alilia njaa? Mtoto! Hana kosa, hana hili wala lile. Maziwa ya mama yake yalikauka, na sauti yake ikafifia, ikawa haisikiki.

Tunu akalichomoa figa lake mwenyewe. Akatoka nje, na arobaini haijafika! Majirani wakashika midomo. Akalitupa figa lake miguuni pa wale bibi.

"Chukueni na hili! Kila mtu apikie kwenye figa lake. Mkimaliza kugombana, njooni tumzike mjukuu wenu."

Bi Mashavu akaanza kulia. Akalirudisha figa lake mekoni.

"Bi Kazija, pika. Mimi uji wangu huwa maji matupu, ndiyo maana nilikuonea wivu."

"Nawe mkande, mwenzangu," akasema Bi Kazija, akiweka lake. "Mikono yangu hii ingemvunja mifupa."

Tunu akaliokota figa lake. Akaweka la tatu. Uji ukaiva, mgongo ukakandwa, maziwa yakaja. Mtoto akalia kwa nguvu hadi jabali zima likasikia, na bibi zake wakacheka.

Basi nyinyi mnaonuna mwenzenu akisifiwa, sikilizeni: kipaji chake hakiwapunguzii chenu, na kwa wivu wenu anaumia mtoto.

Ngano yangu nimeiepua. Ikiwa imekolea, gawaneni. Ikiwa imepoa, nirudishieni mekoni.