Fremu Tupu ya Mwalimu Picha

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Maana yake si ngumu: hata fundi awe hodari vipi, lipo jambo lake mwenyewe ambalo mikono yake haifiki, na hapo hana budi kuwaachia wenzake. Asiyeamini na asikilize habari za mwalimu mmoja wa mji mdogo, aliyewapiga picha watu wote akajisahau yeye.

Mwalimu huyo alifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, mpaka siku alipokabidhiwa kamera ya shule awapige wanafunzi picha za vitambulisho. Loo! Watoto walitoka wamekodoa macho kama waliofumaniwa wakidokoa nyama jikoni. Mwalimu hakuridhika. Aliirudia kazi ile hadi nyuso zikatulia, na kumbe alikuwa ameshanogewa. Alipoiaga chaki, alifungua studio katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Hata hivyo, ualimu haukumtoka. Mteja aliyejikunyata kitini aliambiwa, "Nyoosha mgongo, mwanangu. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya wajukuu zako." Mgongo ulinyooka, hata uwe wa mkuu wa polisi. Mji mzima ukamwita Mwalimu Picha.

Alipofariki, studio ilibaki mikononi mwa binti yake, ambaye siku zote alikaa mezani akipokea wateja na kukata picha za pasipoti. Mwaka ulipopita, binti aliwaalika majirani waje Jumamosi jioni kumkumbuka marehemu. Alinunua fremu kubwa, nzito kama mlango, ili picha ya baba iwatazame wanaoingia. Kilichobaki ni picha yenyewe, na hapo ndipo mambo yalipomwendea kombo.

Alipekua makabati, asiambulie kitu. Filamu za wateja zilikuwa kila moja katika bahasha yake iliyofungwa, nazo hakuzigusa, kwa kuwa baba alimwonya tangu utotoni, "Sura ya mtu ni amana." Katika droo ya baba mwenyewe alikuta picha chache ambazo marehemu alijaribu kujipiga, akitega kamera kisha akikimbilia kitini. Ya kwanza haikuwa na kichwa. Ya pili ilikuwa mgongo mtupu. Ya tatu ilikuwa kiti, na kandambili moja ikiwahi kukifikia.

"Kaka yangu huyu!" shangazi, aliyekuja kumsaidia kutafuta, alicheka hadi akashika mbavu. "Sasa tutundike kandambili?"

"Ipo ya kitambulisho, shangazi."

Shangazi aliitazama, akaguna. "Hapana, mwanangu. Hapa anafanana na mtu aliyesingiziwa wizi wa kuku."

Wote wawili waliangua kicheko. Kisha machozi yakamlengalenga binti. Kitinda mimba wake alikuwa chini, akiburuta kiatu sakafuni.

"Babu yake alipotutoka, huyu alikuwa bado ananyonya. Hamjui. Kila nyumba ya mji huu ina picha iliyopigwa na baba, nami sina hata moja ya kumwonyesha mwanangu. Naumia, shangazi."

"Usilie. Tutamsimulia."

"Masimulizi hayana macho, shangazi."

Shangazi alizirudisha picha drooni, moja moja.

Kesho yake hodi ilipigwa. Alikuwa Fundi Sindano, mshona nguo wa duka la pili, mwembamba kweli kama jina lake. Alileta kitambaa cha kuifunika fremu mpaka wageni watimie. Aliichungulia fremu, akashangaa.

"Ala! Nimeshona shuka la kufunika hewa?"

Binti alimweleza yaliyomsibu. Fundi alimsikiliza huku akitikisa kichwa.

"Dada, unamtafuta mwalimu humu? Mwalimu yuko kwangu, juu ya cherehani. Miaka yote ananisimamia nisishone upogo."

"Nani alimpiga?"

"Mimi mwenyewe! Nilikuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka, sitaki picha, nalia mpaka kamasi zinanitoka. Baba yako akapiga magoti mbele yangu, akanishikisha kamera. Akasema, 'Nipige mimi kwanza. Ukiona sijafa, nami nitakupiga.' Nikabonyeza, nikacheka, naye akanipiga. Zilipotoka, akanipa zote mbili. 'Hii ni sura yako, na hii ni kazi yako.'"

Binti alishika mdomo. Mara ngapi, akiwa pale mezani, alimwona baba akimshikisha mtoto kamera! "Kumbe alikuwa anapigwa kweli? Mimi nilidhani ni geresha, anawatuliza tu!"

"Mwalimu amdanganye mtoto?" Fundi aliuliza, karibu akasirike.

Habari zilienea mtaani kama harufu ya vitunguu. Jumamosi watu waliingia na picha walizozibandua ukutani na kuzitoa masandukuni: muuza mkaa, nesi, dereva wa lori, hata mkuu wa shule. Nyingine zilikuwa upogo, nyingine zimekata sikio, nyingine zina kivuli cha kidole pembeni.

"Hii ilipigwa na mlevi gani?" shangazi aliuliza.

"Ni mimi, mama," nesi alijibu. "Nilikuwa bado sijaanza shule." Chumba kizima kikacheka.

Walizipanga zote katika fremu, ikajaa pomoni. Kwa uzito wake ukuta uliikataa, basi wakaiegemeza sakafuni. Kitambaa kilipoondolewa, watu wazima walilazimika kuinama ili waone vizuri, lakini kitinda mimba alisogea akasimama mbele yake wima. Kila aliyempiga mwalimu alikuwa mtoto, na kila mara mwalimu alikuwa amepiga magoti. Macho ya babu yalikuwa kimo kimoja na macho ya mjukuu.

"Ananiona," mtoto alisema, akacheka.

Binti alilia, lakini safari hii kwa furaha, wala hakujificha. Aliichukua kamera ya baba, akapiga magoti sakafuni, akaiweka katika viganja vidogo vya mwanawe huku akimshikia kwa chini.

"Nyoosha mgongo, mwanangu," alisema. "Nipige mimi kwanza."

Wahenga hawakukosea: kinyozi hajinyoi; kichwa chake hukiacha mikononi mwa wale aliowanyoa.