Siku Ngiri Alipoambiwa Atafune Mbegu

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni Pakawa ya wagonjwa. Nyinyi watu wazima huko nyuma, mnaona haya kuitikia pamoja na watoto? Paukwa!

— Pakawa!

Sasa ndiyo. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanalima kama sisi na kubishana kutushinda sisi, paliishi Kindi. Kindi alikuwa mjane. Alikuwa na watoto wadogo, jembe moja, na shamba la mtama kando ya mto. Kila baada ya mavuno alichagua masuke yaliyojaa. Akayafunga kwa kamba. Akayaning'iniza darini, juu ya meko. Moshi ukapanda, fuu, fuu, ukayafukiza. Fukusi, mdudu mla nafaka, akisogea, anapiga chafya, anarudi kwao. Mbegu ile Kindi alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na mama yake.

Jirani wa Kindi alikuwa Ngiri. Hapa nisikilizeni vizuri, maana nawajua, mnapenda kumchukia mtu kabla hamjamfahamu. Ngiri alikuwa jirani mwema. Mume wa Kindi alipofariki, nani alikwenda kumlimia? Ngiri! Alipiga magoti, kama ngiri wanavyofanya, akachimbua kwa pua, kwe, kwe, kwe, mpaka shamba likaisha. Hakudai hata kikombe cha uji.

Baadaye Ngiri akapata kazi ng'ambo ya mto, kwa Nyani. Nyani alikuwa na kampuni kubwa ya mbegu. Mbegu zake zilipakwa dawa ya rangi ya waridi. Zinang'aa! Unatamani kuzivaa shingoni. Ukizipanda, mwaka wa kwanza unavuna mpaka ghala linafurika. Ukipanda tena ulichovuna, unapata mabua matupu. Basi unavuka mto, unarudi kwa Nyani. Ngiri alizunguka vijijini akiziuza. Akanenepa. Akavaa kofia ya kampuni.

Siku moja Mtemi Nyati akapiga ngoma. Ti! Ti! Ti! Wanyama wakajaa uwanjani.

"Nimemteua Ngiri awe Mkuu wa Mashamba yote," akasema Mtemi. "Lakini baraza ndilo linaloamua. Nani anapinga?"

"Mimi napinga!" Huyo alikuwa Kanga, na Kanga akisema, hata kiziwi husikia. "Jana alikuwa anauza mbegu za Nyani. Leo ndiye atakayemkagua Nyani huyo huyo?"

"Kelele tu!" akadakia Nungunungu. "Ulitaka ateuliwe nani, Popo asiyejua jembe? Mimi mwaka jana nilipanda mbegu ya waridi, nikajaza ghala."

"Na mwaka huu?"

Nungunungu akajikuna miiba. "Mwaka huu... mwaka huu mvua haikuwa nzuri."

Kicheko! Kwa, kwa, kwa! Wengine wakamshangilia Kanga, wengine wakamzomea. Na Kindi je? Kindi alipiga vigelegele kuliko wote. "Mpeni! Huyo ni kaka yangu! Huyo anaujua udongo!"

Ngiri akasimama. Nyani naye akasogea, akakaa begani pake, akamnong'oneza, pisi, pisi, pisi. Ngiri akakohoa, na kabla baraza halijaamua, akatoa amri yake ya kwanza.

"Kuanzia kesho, mbegu zote za darini ziletwe hapa uwanjani, zichomwe. Zina fukusi, zina magonjwa. Kila mkulima atapanda mbegu ya waridi."

Kindi akakatiza kigelegele chake.

"Kaka, hata zangu?"

"Hata zako, dada. Ni kwa faida yako."

Kindi aliumia, jamani. Adui akikuumiza unamtukana, unakwenda zako. Lakini kaka je? Alitaka kurudi nyumbani kulia. Ila akawafikiria watoto wake, akasogea mbele.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Ukimpa jirani mbegu, kwanza unatafuna punje moja mbele ya macho yake. Kacha! Maana yake: mbegu hii ni nzima, na njaa ikitukuta kabla ya kupanda, itatuokoa.

"Mtemi wangu," akasema Kindi, "mimi maneno makubwa siyajui. Kaka anatupa mbegu. Basi atafune."

Uwanja mzima ukadakia, ukaimba. Imbeni nami!

*Tafuna, jirani, tafuna,*
*Kacha, kacha, tusikie!*
*Mbegu usiyoitafuna*
*Usiseme niipokee!*

Ngiri akachukua punje ya waridi. Akamtazama Nyani. Nyani akatazama mawingu, kana kwamba hajawahi kuyaona. Ngiri aliijua ile dawa. Alijua wapakaji wake hunawa mikono kabla ya kula. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na cheo kipya kilikuwa kitamu. Wimbo ukapanda. Kacha, kacha! Ngiri akafumba macho. Akafungua kinywa.

Pu! Kindi akaruka, akampiga mkono. Punje ikaanguka vumbini.

"Usile, kaka, dawa hiyo ni sumu! Mimi nilitaka useme hapana. Sikutaka ufe!"

Wimbo ukakatika. Hata Kanga alinyamaza, na hilo ni jambo la ajabu.

Kindi akalia mbele ya baraza, bila kuona haya. "Mwaka wa ukame watoto wangu walikula nusu ya mbegu za darini. Ndiyo maana leo wako hai. Ukizichoma, na ukame ukirudi, niwapikie nini? Niwapikie rangi?"

Nyani akang'aka. "Mnanionea! Mbegu ya kupanda si ya kula! Imeandikwa kwenye gunia!"

Na hapo, wasikilizaji wangu, Nyani hakusema uongo.

"Ni kweli," akasema Ngiri. "Imeandikwa. Na pia imeandikwa kwamba ukivuna usiipande tena. Miaka yote nimeyauza magunia yale, na sikumsomea mtu hata mmoja."

Akavua kofia ya kampuni. Akamkabidhi Nyani.

"Mimi ndiye niliyekunenepesha!" Nyani akafoka.

"Ndiyo, na ahsante. Sasa shuka begani. Kabla ya mvua nitakuja kulikagua ghala lako."

Akawageukia wenzake. "Amri ile naifuta. Darini kwa mtu hapaguswi. Anayetaka mbegu ya waridi atainunua kwa hiari yake, na kwanza nitamsomea kila kilichoandikwa. Mkinikataa, nitaelewa."

Mtemi Nyati akauliza tena, "Nani anapinga?"

Kindi akapangusa machozi. "Mimi namkubali."

"Mimi bado!" akasema Kanga. "Maneno matamu nimeyasikia mengi. Nitamfuata nyuma, shamba kwa shamba, nione."

"Nifuate," akasema Ngiri.

Akapewa kazi. Mvua zikaja, mtama ukaota, mwekundu na mweupe, wa kila nyumba na namna yake. Na tangu siku ile, Ngiri akitembea mashambani, Kanga yuko nyuma yake. Akiona kosa anapiga kelele, kekeke! kekeke! Ngiri anakasirika, ananuna, anakoroma. Kisha anarudi, anapiga magoti, analirekebisha.

Funzo lake ni hili. Aliyepewa dhamana ya mashamba ya watu awatumikie wenye mashamba, asimtumikie aliyemlisha jana. Na nyinyi mliompa dhamana, msimchukie, wala msimwachie kila kitu. Mfuateni nyuma.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aichukue, na anayeipinga apige kelele, tumsikie.