Hodi Kwenye Majani ya Maboga

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Nani huyo kaitikia kama hajala tangu juzi? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Na wewe mama mwenye karai, litue chini, mchicha wako haukimbii. Sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na bustani nyuma ya nyumba zao, palikuwa na Digidigi, mjane, na mwanawe wa pekee, Siwema. Kiangazi kiliwapiga mwaka ule. Kiliwapiga hasa! Wakala maganda, wakala mizizi. Siwema akakonda, akabaki macho na masikio. Usiku mama halali, anasikiliza kama mtoto bado anapumua.

Mvua zikaja. Shaa! Shaa! Bustani ikaamka. Mchicha ukatoa majani laini. Kunde zikatambaa. Bamia bado, maboga bado. Lakini majani ya maboga, mashallah! Mapana, mabichi, yamefunika ardhi yote. Huoni chini pana nini.

Basi wanyama wale walikuwa na mila. Mboga za mvua za kwanza hazichumwi kimyakimya. Unasimama nje ya ua, unagonga kwa fimbo, ko! ko! ko! Unaita, "Hodi!" Hata kama bustani ni yako. Maana kiangazi kizima hukuingia humo, na wengine hujihifadhi humo. Aliye ndani akiitikia "Karibu", wewe umekuwa mgeni, na mgeni haguswi. Haguswi kwa jino, haguswi kwa sumu.

Asubuhi moja jirani yake Digidigi, Bi Kwale, akamwona anaingia bustanini na kikapu, Siwema nyuma yake.

"Jirani, mbona sijasikia hodi?"

"Hodi kwangu mwenyewe? Nimelima mimi, nimepanda mimi. Mtoto ana njaa, Bi Kwale!"

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Mama Siwema akainama kwenye mchicha. Akachuma ncha, akaacha shina lichipue tena. Tik, tik, tik. Akasema, "Siwema, mwanangu, nenda kachume majani ya maboga. Yale machanga tu."

Siwema akaenda. Akaingia kwenye majani. Huoni chini pana nini.

Mara, fuuuuu!

Mama akasimama. Fuuuuu! Majani yanapanda, yanashuka, na upepo hakuna.

"Mama," Siwema akasema, kwa sauti ndogo, "nimekanyaga kitu. Kinapumua."

Ole wake! Alikuwa Kifutu, yule nyoka mnene. Hana haraka yule, lakini akigonga, umekwisha. Kichwa chake kilikuwa pembeni ya mguu wa Siwema, mguu mwembamba.

"Usisogee, mwanangu! Usisogee!"

"Nani hawa?" Kifutu akauliza. "Nimelala humu tangu majani yakauke. Leo naingiliwa, nakanyagwa mkia, hodi sijasikia. Anayeingia bila hodi ni mwizi. Na mwizi wangu mimi namjulia dawa yake."

"Nisamehe, bwana! Mtoto hana kosa, kosa langu!"

"Aliyenikanyaga ni yeye."

Fuuuuu! Kifutu akajivuta nyuma, tayari kugonga.

Mama Siwema akakimbia. Ndiyo, alikimbia! Msigunegune, hakumtupa mwanawe. Alikimbia mpaka nje ya ua, fimbo hana, akagonga mti wa ua kwa paji la uso. Ko! Ko! Ko!

"Hodi!"

Akagonga tena. Ko!

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Kifutu akacheka. "Hodi ya kuchelewa siitikii."

Damu inamtiririka usoni. Bi Kwale kwenye ukingo wa bustani, kajifunika macho kwa mabawa. Mama akaita mara ya mwisho, na sauti ikakatika katikati.

"Ho... di..."

Ndani ya majani, sauti ndogo ikaitikia:

"Karibu, mama."

Kifutu akageuza kichwa. "Nani kakutuma uitikie nyumbani kwangu?"

Mama akafuta damu machoni, akasema. "Bwana Kifutu, tangu lini mwizi akakaribisha wageni? Aliye ndani ndiye huitikia. Mimi nimekaribishwa, ni mgeni. Na aliyenikaribisha ni mtu wa nyumba hiyo. Utamuuma mtu wa nyumba yako mbele ya mgeni?"

Fuuuuu... Pumzi ikashuka. Ikashuka tena.

"Mtoto, inua mguu," Kifutu akasema. "Polepole. Nendeni na mchicha wenu. Majani haya niachieni."

Siwema akainua mguu. Akatoka. Hakuna aliyekimbia mpaka walipovuka ua.

Siku hiyo mboga ikapikwa, ikaiva, ikanukia. Siwema akala, akalamba sufuria. Mama akashika tonge, likarudi chini.

"Mama, mbona huli?"

"Kula, mwanangu. Mimi nakuangalia wewe."

Tangu siku ile pua ya digidigi haitulii. Mtazameni mkimwona: kabla ya kuingia majanini husimama, na pua inamcheza. Anapiga hodi kwa pua.

Na nyinyi mjue: kilicho chako kisikutoe adabu, na njaa isikusahaulishe mila iliyokulinda.

Hadithi yangu imeishia hapo, nje ya ua. Haya mama mwenye karai, mchicha ule pale. Lakini gonga kwanza.