Kifuniko cha Tenki na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu, na mwenye karanga mfukoni azitoe tugawane, maana mkisikia mwisho wa hadithi hii mtagombana, na kugombana na njaa juu yake ni kubaya. Nimeisimulia mara nyingi, na sijaona bado watu wakiondoka wamekubaliana.

Kulikuwa na sheli moja katikati ya mashamba ya alizeti. Pampu mbili, paa la bati, na barabara ya lami iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Jua likipanda, lami ile hutoa mazigazi: unaona maji yanametameta mbele yako, na lori linakuja linaelea juu ya maji hayo bila magurudumu. Niliwahi kukaa pale nusu siku nikisubiri mtu. Nilipoondoka sikuwa na hakika kama nililala au nilikuwa macho, na hata leo nikifumba macho naona rangi ya njano.

Pale sheli walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Nyemo alikuwa muuza mafuta, naye alijaliwa masikio. Najua na wewe unayo, lakini ya kwako ni ya kuning'inizia hereni. Nyemo aligonga pipa kwa kidole kimoja akakwambia limebaki lita ngapi, na gari likiwa bado ni kitone kwenye mazigazi yeye alishajua kwamba bolti moja ya gurudumu la nyuma imelegea.

Havijawa aliuza chai na chapati kwenye kibanda cha pembeni, naye alijaliwa ulimi. Si ulimi wa umbea, huo wanao wengi. Dereva aliyeshuka anafoka alikunywa chai ya Havijawa, akasikiliza maneno yake mawili matatu, akapanda tena huku anampigia simu mkewe kuomba radhi.

Siwema alishona midomo ya magunia ya alizeti, naye alijaliwa vidole. Uzi uliojisokota mafundo, ambao wewe ungeukata na kuutupa, Siwema aliupapasa huku anaangalia kwingine, na uzi ukajiachia wenyewe.

Basi mchana mmoja, saa saba kasoro, kutoka ndani ya yale mazigazi likatokea gari dogo jeupe. Lilikuja polepole, likaingia sheli, likakohoa mara mbili na kuzima. Ndani walikuwamo mtu na mkewe, Mzee Hango na Bi Mwasiti, nao walikuwa wanakwenda kuwahi treni.

Hawakuwa wanasafiri. Treni ndiyo iliyokuwa inampitisha binti yao, Zaina, kwenye kituo kilichokuwa mwendo wa dakika arobaini kutoka pale. Zaina na mama yake walikuwa wamenuniana miaka mitatu kwa sababu ya mwanamume ambaye mama hakumtaka. Zaina akaolewa naye hivyo hivyo, akahamia mbali, na simu zikakatika. Kisha akajifungua mtoto wa kike, na siku moja akapiga: "Mama, tunahamia nchi ya watu. Treni yetu inasimama hapo kituoni saa nane mchana, dakika kumi tu. Mtoto hana jina. Arobaini imepita, bado anaitwa Mtoto. Nimemkataza kila mtu asimpe, mpaka umpe wewe ukiwa umempakata."

Mnaona safari yenyewe ilivyokuwa. Dakika kumi, baada ya hapo Mungu anajua lini.

Nyemo akachukua mpira wa pampu, akazunguka gari. "Mzee, nifungulie tenki."

Mzee Hango akatazama huku na huku. Gari alikuwa ameletewa na mdogo wake kutoka bandarini mwezi uliopita, limejazwa mafuta tele, na tangu hapo lilikuwa linakwenda sokoni na msikitini tu. Hakuwahi kulijaza. Akabonyeza kidude kimoja, boneti ikafunguka. Akabonyeza kingine, buti ikafunguka. Akabonyeza cha tatu, mafagio ya kioo yakaanza kufagia vumbi. Akabonyeza cha nne, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye redio, ikasema maneno marefu ya Kijapani kwa adabu kubwa.

"Asante, mama," Mzee Hango akajibu, akaendelea kubonyeza.

Kifuniko kile kidogo ubavuni mwa gari kikabaki kimefumba. Wakakisukuma, wakakikwangua kwa kucha, wapi. Pikipiki zote zilikuwa zimekwenda mnadani, na lori pekee lililopita lilikuwa linaelekea walikotoka. Bi Mwasiti akatazama saa, akashuka garini, akasimama katikati ya sheli na kuinua mkono.

"Sikilizeni. Atakayenifungulia kifuniko hiki nikamuwahi mwanangu, mjukuu wangu atabeba jina lake. Jina moja, la mtu mmoja. Nimeapa."

Wanawake watatu wakatazamana. Kwao mtoto akiitwa jina lako wewe ni somo yake: unamtandikia khanga yake ya kwanza, na siku ya harusi yake unakaa mbele na mama mzazi. Katika wale watatu hakuna aliyekuwa na somo duniani. Kila mmoja aliutaka usomo ule, na sioni aibu kuwasemea.

Mzee Hango alikuwa ameshachoka na ustaarabu. Akatoa bisibisi na nyundo.

"Weka chini!" Nyemo akapiga kelele. "Unataka cheche karibu na pampu tuungue wote? Nyamazeni, nyote. Mzee, tikisa hicho kifuniko kwa kidole, taratibu."

Akapiga magoti, akalaza sikio kwenye bati la gari, akafumba macho. Sheli nzima ikatulia, hata kuku wa Havijawa. Mzee Hango akatikisa. Nyemo akaanza kujivuta kando ya gari, sikio halibanduki, kama mtu anayemfuatilia panya ndani ya ukuta. Akapita mlango wa nyuma, akafika mlango wa dereva, akasimama.

"Kuna waya mwembamba," akasema. "Unatoka kwenye kifuniko, unapita chini ya milango, unaishia hapa sakafuni, kulia kwa kiti cha dereva. Kwenye ncha yake pana kishikio. Kimelaliwa na kitu."

Wote wakatazama. Kitu chenyewe kilikuwa kitambaa.

Sasa hapa lazima niwaeleze kuhusu Bi Mwasiti. Ninyi mmeona sebule za mama zetu: kochi lina kitambaa cha kufuma, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa. Bi Mwasiti alipoletewa gari aliliona kuwa ni sebule yenye magurudumu. Akalivalisha. Viti vyote alivitandika kitambaa cheupe chenye maua, akakishusha mpaka sakafuni, akakishona na zulia kwa uzi wa mara mbili kisitambae. Kishikio alikishonea humo humo, bila habari. Kosa hilo lingefanywa na mama wa kwetu peke yake, na mimi nalipenda.

"Leteni wembe," akasema Mzee Hango.

Bi Mwasiti akaingia garini, akakaa kiti cha dereva, akakumbatia usukani. "Hiki hakiguswi."

"Mwasiti, treni!"

"Nimesema hakiguswi! Bora niende kwa miguu!"

Na kwa miguu ni siku nzima. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mumewe alikuwa anazunguka gari anaongea peke yake. Ndipo Havijawa akaja na kikombe cha chai, akachuchumaa pale mlangoni. Hakumwambia anyamaze wala hakumwambia awahi.

"Dada, umekifuma muda gani?"

"Miaka mitatu, hata kabla gari halijaja." Bi Mwasiti akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Kila jioni nilitaka kumpigia. Kila jioni nilichukua uzi badala ya simu. Nataka akione. Nikikosa cha kumwambia, akione hiki."

"Na ulipokuwa unafuma, moyoni ulikuwa unamwambia nini?"

Bi Mwasiti akageuza macho kwenye alizeti. Upepo ulipita, na shamba zima likainama na kuinuka.

"Nilikuwa namwambia, njoo nikuone."

"Haya. Amekuja, dada. Yuko ndani ya treni saa hizi, anachungulia dirishani anatafuta uso wako. Kitambaa hatakiona kama gari limebaki hapa."

Bi Mwasiti akanywa chai funda moja. Kisha akashuka, akasimama kando. "Kifumueni. Lakini msikikate. Nawasihi, msikikate."

Siwema akaweka chini sindano yake ya magunia, akaja. Mzee Hango bado alikuwa ameshika wembe, akauinua kidogo, Siwema akatikisa kichwa. Akaingiza vidole chini ya zulia, akatulia. "Uzi umejizungusha kwenye ule waya," akasema. "Ukipita na wembe unakata vyote viwili, na kifuniko hakifunguki tena."

Akaanza. Alikuwa anatazama nje, mbali kule kwenye mazigazi, na vidole vyake vilikuwa vinatembea peke yao. Fundo la kwanza likaachia. La pili. Aliimba kitu kwa sauti ya chini, na Bi Mwasiti akaanza kuhesabu mafundo bila kujua anahesabu kwa sauti. Mahali pa upana wa kiganja, hapo tu, pakafunguka, na haukukatika hata uzi mmoja. Chini yake kilikuwapo kishikio kidogo chenye picha ya pampu. Siwema akakivuta juu kwa vidole viwili.

Tak.

Ubavuni, kifuniko kikafunguka taratibu, kama jicho la mtu anayeamka usingizini.

Sitawaeleza vigelegele. Tenki likajazwa, na gari likatimka. Nyuma kwenye kioo walionekana wanawake watatu wamesimama pamoja, miguu yao imeshaanza kumezwa na mazigazi, hakuna aliyepunga mkono kupita mwenzake.

Njiani Mzee Hango akasema, "Jina ni Nyemo. Bila yeye tungekuwa bado tunaongea na yule mama wa Kijapani, au tumeungua."

"Nyemo alionyesha mahali," akajibu Bi Mwasiti, "ila aliyefungua kwa mkono wake ni Siwema. Mimi niliapa kwa atakayefungua."

"Siwema angefungua nini kama wewe umekalia kiti?"

Bi Mwasiti alikuwa anapapasa kitambaa cha kiti alichokalia. Baada ya muda akasema, "Ndiyo. Havijawa hakugusa gari kabisa, ila mimi ndiye niliyekuwa nimekwama zaidi ya kifuniko." Wakasonga mbele, na barabara ikaendelea kuwatandikia maji yasiyokuwapo.

Walifika kituoni treni imeshasimama dakika saba. Bi Mwasiti akakimbia kando ya mabehewa, khanga inamdondoka, anaita jina la mwanawe. Zaina akashuka. Miaka mitatu ile waliimaliza kwa kushikana tu. Kisha Zaina akamwekea mtoto mikononi, mzito, wa moto, ananukia maziwa.

"Mpe jina, mama."

Kwao bibi hamtangazi mjukuu. Anamnong'oneza jina sikioni kwanza, mtoto alisikie kabla ya ulimwengu, na likishanong'onwa halibadilishwi. Gadi wa treni akapuliza filimbi. Zaina akakanyaga ngazi ya behewa, akanyoosha mikono kumpokea mwanawe, macho yake kwa mama yake. Bi Mwasiti akainamisha uso kwenye lile sikio dogo. Majina matatu yalikuwa mdomoni mwake, na pumzi ilikuwa ya jina moja.

Usiniambie angemwita yote matatu; kiapo ni kiapo, na treni inaondoka. Mtoto umempakata wewe sasa. Mwenye kusikia, mwenye kusema, mwenye kufumua: je, wewe ungemnong'oneza jina la nani?