Korongo Lililogeuka Mpaka

"Mama Vumilia, hivi siku hizi unajua uko kata gani?" Doto alimwuliza jirani yake Paskazia siku moja, wakichambua choroko uani.

Mama huyo alicheka. "Kata ni makaratasi ya manispaa. Diwani wangu ni Thobias. Nilimsimamia ubatizo, nimwache leo?"

Mjane huyo alikuwa na kiu moja tu maishani: kivuko, daraja dogo la kupita kwa miguu. Ng'ambo ya korongo ndiko kilikokuwa kigango alichokitumikia marehemu mumewe, katekista Boaz, na kaburi lake lilikuwa ubavuni mwa kanisa. Mvua ziliponyesha, korongo lilifura likawa halipitiki. Kila Jumapili Paskazia alisimama ukingoni na rozari mkononi, akiisikiliza kwaya kama mwenye njaa anusaye chungu cha jirani.

Thobias alikuwa ameahidi kivuko. Kisha kata ikagawanywa, korongo likawa mpaka. Thobias akabaki diwani wa ng'ambo. Upande wa Paskazia ukamchagua Agnetha, naye akaitisha mkutano wa wakazi kuchagua kazi moja ya maendeleo ya mwaka huo.

"Twende, mayu," Doto alimsihi. "Watu wa sokoni wanataka mtaro, nao ni wengi kama siafu."

"Nendeni ninyi. Mimi nampelekea mwanangu Thobias barua ya kivuko, na michembe juu, viazi vikavu avipendavyo."

Alimchukua wifi yake Bernadina amsaidie kikapu. Mvua zilikuwa hazijaanza, wakalivuka korongo kwa miguu.

"Shikamoo, mama," Thobias alimpokea.

"Marahaba, baba. Soma hiyo."

Thobias akasoma, akaikunja barua polepole. "Mama, kivuko kinaanzia kwenu. Anayekiombea barazani ni Agnetha. Nikisimama mimi, wataniuliza natafuta nini kwenye kata ya mwenzangu."

"Si uliniahidi wewe?"

"Niliahidi ukiwa mtu wa kata yangu." Akainamisha macho. "Kwani mkutano wenu si leo?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Bernadina iliita. Ilikuwa sauti ya Doto, imepoa kama uji wa jana.

"Tumenyoosha mikono, tumeshindwa kwa mkono mmoja. Mtaro umepita, kivuko labda mwakani. Na ninyi wawili mko huko mnagawa michembe."

Paskazia alitazama dirishani. Bati la kigango lilionekana, na juu yake wingu la kwanza la msimu.

"Mama, kaa kwanza ule," Thobias alisema.

Alijitanda kanga yake, akatoka. Ama kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.