Kisu Kisichoisha Makali

Wanangu, mko macho? Basi sogeeni.

Zimwi mmoja alimkamata mtoto wa Bahiya, msuka mikeka. "Chana rundo hili la ukindu kabla jua halijazama," alisema, "la sivyo namla huyu kwa wali."

Bahiya akachana. Kisu cha kwanza kikawa butu. Cha pili kikawa butu. Cha tatu nacho kikawa butu, na rundo bado kubwa.

"Babu," alisema akilia, "niazime chako."

"Changu hakiishi makali," zimwi akajibu. "Lakini kila niliyemwazima alinirudishia kwa ncha, akanichoma kiganja."

Akampa hata hivyo. Bahiya akachana, chwa, chwa, chwa, rundo likaisha. Angeweza kumchoma zimwi, kisha akimbie na mwanawe. Badala yake alishika makali kwa kanga yake, akamnyooshea mpini.

"Shika, babu. Ahsante."

Zimwi aliutazama ule mpini, akamrudishia. "Kaa nacho. Na mwanao mchukue, amenikojolea tangu asubuhi!"

Mtoto akarukia titi la mama yake, akanyonya mpaka akasinzia.

Hadithi yangu imelala hapo, nanyi laleni.