Simu Iliyojaa Siku ya Sendofu

Haya wapendwa, tukae. Kila mwenye simu aitoe aishike mkononi. Najua mnazo, msijifanye watakatifu. Kwaya nyie ndio msiniangalie kabisa, maana wakati wa sala nilifumbua jicho moja nikawaona. Sasa nauliza: nani humu simu yake haijawahi kumwandikia kwamba nafasi imejaa? Ainue mkono. Mmoja tu? Mama mchungaji, ya kwako ni ya vitufe, shusha mkono.

Mada yenu naijua. Eti simu za siku hizi zina nafasi ya kutosha au hazina? Mnabishana hapo nje kila Jumapili mpaka chai inapoa. Mmoja anasema jibii sitini na nne zinamtosha, mwingine anamcheka, anamwambia mtu wa kazi akinunua simu ya hivyo amenunua tochi. Na simu nyingi mpya hata kale katundu ka kuchomeka memori kadi hazina, ukiijaza umeijaza. Mimi na shule tuliachana mapema, yeye njia yake mimi njia yangu, ila kwenye mambo ya simu hakuna profesa wa kunidanganya. Kwa hiyo kesi yenu leo naimaliza mimi. Nitawapa mfano, na hamjausikia popote kwa sababu nimeutunga mwenyewe, na ni mtamu.

Alikuwepo kijana mmoja anauza viatu vya mtumba mtandaoni. Asubuhi na mapema yuko sokoni anachambua lundo, anabeba vyake hadi chumba chake cha kupanga, anavisugua mpaka vinang'aa, halafu anavipiga picha. Kiatu kimoja anakipiga mbele, nyuma, ubavuni, soli, mpaka lebo ya ndani. Kisha anachukua na video akikikunja, mteja aone hakijakauka. Mtu wa namna hiyo simu kwake ni jembe. Lakini alikuwa na ugonjwa wake: hafuti kitu. Kiatu kimeshauzwa, kimeshavaliwa, kimeshachanika, mwenye kiatu kakitupa, picha yeye bado anayo. Ukimwambia futa, anakwambia itakuja kunifaa. Na chumba chake kilikuwa vilevile, viroba vya viatu mpaka karibu na mto wa kulalia. Mnacheka. Wangapi humu mna risiti ya redio ya marehemu babu?

Kijana huyu alikuwa na mama. Mama mwenye sauti, jamani. Akisimama uani kumwita mwanawe, watoto wa mtaa mzima wanakimbia makwao, kila mmoja anadhani ameitwa yeye. Akipiga kigelegele harusini, MC ananyamaza mpaka kiishe. Sasa mama huyo akaugua koo. Sauti ikaanza kukwaruza, ikawa nyembamba, akapelekwa hospitali, na daktari akawaambia ukweli. Watampasua, atapona, ataendelea kuishi vizuri tu, ila sauti haitarudi. Hata hiyo iliyobaki ni kidogo, kila akiongea inachoka, kwa hiyo asiitumie ovyo.

Mnaelewa maana yake? Kuna mtu humu mama yake anaongea sana, anatamani anyamaze kidogo apumzike. Ngoja siku anyamaze.

Upasuaji ulipangwa siku chache tu baada ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti yake wa mwisho. Familia ikakaa. Kaka mkubwa akasema wosia wa mama kwa bibi harusi ndiyo sauti yake ya mwisho watakayokuwa nayo, lazima irekodiwe, atafutwe mtu wa kamera. Yule muuza viatu akaruka. Akasema mtu wa kamera wa nini na yeye yupo, simu yake inapiga mpaka vinyweleo. Basi wakamwachia. Likabaki swali moja: mama akitoka hospitali ataishi kwa nani, maana hawezi tena kukaa peke yake. Kaka mkubwa akasema kwake, ana nyumba ya vigae, na chumba cha mgeni kina choo chake. Mama akawaambia kwa ile sauti ya kukwaruza kwamba jibu analo, atalisema mwenyewe siku ya sendofu mbele ya watu, na wasimmalizie sauti kwa maswali.

Siku ikafika. Ukumbi umepambwa, binti kapendeza, kamati imevaa sare. Kijana akamwendea MC akamwagiza awatangazie watu wote waweke simu zao mbali, wasije wakamzibia kwa kuinua mikono, video rasmi anachukua yeye. MC akatangaza, watu wakatii. Ukumbi mzima ikabaki inafanya kazi simu moja tu.

Mama akapewa maiki. Kijana akabonyeza kurekodi. Simu ikamwandikia: nafasi imejaa.

Mbona mnaguna? Si mlisema zinatosha?

Kijana akamwomba mama asubiri, anafuta vitu. Na mama akasubiri. Amesimama mbele za watu, maiki mkono mmoja, mkono mwingine umeshika koo. Kijana akafungua picha zake. Raba nyeupe. Ah, hii ndiyo ya kwanza kabisa kuuza, akairuka. Buti la kahawia. Aliyelinunua alikuwa mcheshi huyo, akaliruka. Video ya goli la mechi ya mtaani, mpira umegonga mti ukaingia. Goli kama lile halirudi, akaliruka. Mwisho akajikaza, akafuta video kadhaa alizotumiwa na watu asiowajua, akabonyeza tena. Nafasi imejaa. Kwa nini? Kwa sababu simu nyingi ukifuta kitu hazikitupi. Zinakiweka kwenye kapu la taka, na kinaendelea kula nafasi mlemle ndani mpaka uingie ulimwage kapu lenyewe. Kuna watu humu mmesamehe hivyohivyo. Umemwambia wifi yako yamekwisha, kumbe umeyaweka kwenye kapu, akikosea tu unayarudisha yote na tarehe zake. Napita tu, tusigombane.

Mama akaona watu wameanza kumcheka mwanawe chinichini. Na koo linazidi kukauka. Akaamua kuanza. Akamwambia binti yake maneno machache, kisha akageuka kumwangalia kijana. Kijana kainama, kidole kinatafuta kapu lilipo. Mama akaongea maneno yake, akamaliza kwa kumuuliza swali. Ukumbi wote ukamgeukia kijana kusikia atajibu nini.

Bila kuinua kichwa akasema, "Subiri mama, bado kidogo tu."

Mama akatabasamu. Akamrudishia MC maiki, akakaa.

Na hapo ndipo kapu likamwagika. Nafasi ikapatikana, tena nyingi. Kijana akainua simu juu kwa furaha, akabonyeza, ikakubali. Alichorekodi ni mama yake anakunywa maji.

Sherehe ilipoisha, dada yake, akiwa bado na gauni lake, akamvuta pembeni. Kijana akaanza kujitetea kuhusu video. Dada akamwambia video aachane nayo, akamuuliza kama anajua mama alimwambia nini pale mbele. Hakujua. Alijua tu kwamba aliongea.

Dada akamwambia, "Alituambia tusikucheke. Alisema, huyu mwanangu hajui kutupa kitu, tangu mdogo. Mimi nikishakuwa kimya, nataka kukaa kwa mtu asiyetupa vitu. Halafu akakuuliza, utanipokea, baba?"

Kijana akauliza, "Na mimi nikasema nini?"

"Ukasema asubiri."

Wapendwa, alilia kijana yule mpaka suti ya kuazima ikalowa kola. Angetukanwa angevumilia. Angeambiwa ni mzembe angekubali, ni kweli. Lakini kusikia kwamba hicho unachochekwa nacho kila siku ndicho kilichomfanya mama yako akuchague, na wakati anakuchagua wewe ulikuwa humo humo unapekua raba, hilo linakata.

Asubuhi ya upasuaji akawahi wodini kabla ya ndugu zake. Simu kaiacha nyumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani na lile gauni la hospitali linalofungwa kwa nyuma, anangoja kuitwa. Kijana akapiga magoti, akamwamkia. Mama akaitikia kwa kichwa, maana daktari alishamkataza kabisa kuongea.

Kijana akamwaga yote. Kwamba hakusikia. Kwamba kama kaka mkubwa ameshatandika kile chumba cha vigae, yeye ataelewa, hatanuna. Kwamba chumba chake ni kibaya, kina viroba, taa inakatikakatika, ila jibu ni ndiyo, lilikuwa ndiyo hata kabla hajaulizwa, atatoa viroba, atatafuta godoro zuri. Alikuwa anaongea na kulia kwa pamoja, nusu ya maneno hayaeleweki. Akamwomba mama amuulize tena, mara moja tu, ili safari hii amjibu kama mtu.

Mama akamshika sikio, akalivuta mpaka mdomoni kwake. Ile sauti iliyobaki, ambayo daktari alisema aifunge, akaona mahali pa kuitumia ni hapo.

"Begi langu liko kwako tangu Jumatatu, kabla ya sendofu. Mama mwenye nyumba wako alinifungulia. Umelipangia viatu juu."

Muuguzi akamwita, akaenda.

Kijana akarudi mbio chumbani. Kweli. Begi la mama lile pale kati ya viroba, na juu yake raba zimejipanga kwa jozi. Akalifungua. Vitenge vyake, mafuta yake ya kupaka, kile kisufuria chake kidogo cha uji. Akachukua simu, akatazama picha alizopiga wiki ile. Kiatu mbele, kiatu nyuma, kiatu ubavuni, na chini ya kila kiatu ni begi la mama. Alikuwa amelipiga picha wiki nzima. Wateja walikuwa wameliona. Yeye alikuwa hajaliona.

Mama alipona? Alipona, msininunie. Anaishi na mwanawe. Akimtaka anagonga kisufuria kwa kijiko, na yule kijana anakuja kabla hajagonga mara ya pili.

Sasa sisi. Kesi yenu ni rahisi, mtu wa kazi nyingi anunue simu kubwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu, sikatazi, hata mimi nikipata nanunua. Lakini sikiliza nikwambie kitu. Yule kijana hata angekuwa na simu ya kumeza ukumbi mzima na viti vyake, lile begi asingeliona. Kilichomjaa si simu. Na mbaya zaidi, alichokuwa anakitafuta kwenye kapu la taka ni nafasi ya kumweka mama, wakati mama alishajiweka mwenyewe, kimyakimya, bila kumsubiri afute kitu chochote.

Ndivyo tunavyomfanyia Mungu, au nasema uongo? Tunamwambia Bwana subiri kidogo, ngoja nijisafishe kwanza. Ngoja niache hiki, ngoja nifute kile, nikipata nafasi nitakukaribisha vizuri. Mwaka wa ngapi huu unafuta? Na kila ukifuta, kipo kwenye kapu. Unaona aibu chumba chako kina viroba. Ndugu yangu, yeye viroba aliviona. Aliviona vyote, akachagua chumba chako, akaliacha jumba la vigae. Kile unachochekwa nacho mtaani, kile unachokifichaficha, amekitazama akasema huyu ndiye, nitakaa kwa huyu. Na begi ameshaleta. Tangu siku nyingi. Zile asubuhi ulizoamka huku jana yake ulisema hutaweza kuamka. Yule jirani aliyeleta uji bila kutumwa. Hilo lilikuwa begi, na wewe ukapanga viatu juu, ukapiga na picha, ukauza.

Leo usimwahidi nafasi. Toa viatu tu.

Na jambo la mwisho, hili si la mbinguni, ni la huku huku. Wewe ambaye mama yako bado ana sauti, ukitoka hapa mpigie. Usimrekodi. Mwamkie, halafu unyamaze, mwache aongee mpaka achoke mwenyewe, hata kama ni ile habari ya mbuzi wa jirani uliyoisikia mara ishirini. Na wewe ambaye wako ameshanyamaza, njoo hapa mbele. Usiogope, hatutakuuliza kitu. Tutakaa na wewe.